Mama Mgonjwa wa Moyo: Tumsaidie Namna Gani?

Ndugu wakatekumeni, mmefundishwa ya kwamba kuwatazama wagonjwa ni tendo la huruma, wala hakuna katika ninyi anayelikana neno hilo. Lakini liko swali lingine, gumu zaidi, ambalo watu hawaliulizi: je, yawezekana kumsaidia mgonjwa na katika kumsaidia kumwumiza? Nasema yawezekana. Tena huonekana mara nyingi, hasa katika nyumba ya mzazi kijana aliyeshikwa na ugonjwa wa moyo.

Tuweke mfano. Katika milima ya Kivu yuko mama wa miaka 22, mwenye watoto wawili, na mdogo angali ananyonya. Zamani alipanda mlima na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikimkaza paji la uso, wala hakupumzika njiani. Sasa akitoka kuchota maji hukaa chini mara tatu kabla ya kufika nyumbani. Usiku hawezi kulala chali; pumzi humkata, naye huketi akiegemea ukuta mpaka alfajiri. Jioni miguu huvimba. Hana jeraha wala homa, na uso wake ni ule ule wa jana. Basi jirani wa kwanza husema: “Ni mvivu.” Wa pili: “Amerogwa.” Wa tatu, naye ndiye mbaya kuliko wote, huuliza kwa sauti ya chini kwa nini mwanamke huyu yu macho usiku, saa watu wema wamelala.

Tuwajibu hao kwanza, kwa maana hakuna msaada wa kweli juu ya msingi wa uwongo. Moyo hupiga mara karibu 100,000 kila siku. Ndani yake mna milango minne midogo, ifungukayo na kufungika, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Sasa, mtoto wa miaka 5 hata 15 huumwa koo kwa ajili ya kijidudu fulani. Asipotibiwa, pengine mwili wake, katika kupigana na kijidudu kile, hukosea adui ukashambulia viungo vyake wenyewe. Magoti huvimba, homa hupanda, kisha yote hupoa na watu husahau. Lakini milango ya moyo imebaki na makovu. Miaka hupita, msichana aolewa, achukua mimba. Damu ya mwanamke mwenye mimba huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo mbele, nayo yote yatafuta kupita katika mlango uliosongwa. Hapo ndipo ugonjwa wa utotoni unapojitokeza. Aliyeroga yuko wapi? Hakuna. Lipo koo la mtoto lililokosa penisilini, ipo na nyumba ndogo ambamo watoto wengi hulala wakisongamana na kuambukizana. Mwezi wa Mei 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, uliokutana Geneva, ulitoa azimio juu ya ugonjwa huu, kwa kuwa unawaua vijana wa nchi maskini na huku unaweza kuzuiwa.

(Si kila moyo mgonjwa una chanzo hicho. Kuna mioyo inayodhoofika katika mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano ya kwanza baada ya kuzaa, bila koo wala makovu. Kuipambanua ni kazi ya mganga wa hospitali, si yetu.)

Mama wa mfano wetu apelekwa hospitali. Aambiwa ukweli: milango ya moyo imeharibika. Atachomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili maradhi yale yasirudi kuzidisha makovu. Atameza vidonge vya kutoa maji mwilini. Atapunguza chumvi. Huenda siku moja atahitaji kupasuliwa, nako kupasua moyo hufanywa katika miji michache tu, kama vile Dar es Salaam, tena kwa fedha nyingi.

Arudipo nyumbani, jamaa wakutana, na mapendo yao ni ya kweli. Mama mkwe amchukua mtoto mdogo. Wifi ashika sufuria. Jembe lafichwa. “Pumzika, mama, usiguse kitu.” Wiki ya kwanza ni heri tupu. Lakini tazameni baada ya miezi mitatu. Mtoto akianguka, humkimbilia shangazi yake. Mume akitaka kuuza mbuzi, humwuliza mama yake. Wageni wakiingia, huuliza: “Mgonjwa anaendeleaje?” naye mgonjwa ameketi palepale akiwasikia. Siku moja mama yule asema: “Ninyi mmenizika, nami ningali napumua.”

Je, amekosa shukrani? Wengi watasema ndiyo. Mama mkwe atajibu: “Mwanangu, nikikuacha ufanye kazi ukafa, lawama itakuwa ya nani?” Neno hilo lina uzito, wala sitaki kumdharau mama yule mzee, ndiye aamkaye usiku mtoto akilia. Lakini amechanganya vitu viwili. Mzigo ni kitu kimoja, na kiti cha mama katika nyumba yake ni kitu kingine. Maji, kuni, jembe, kupanda mlima, hayo ni mzigo, nayo yapasa kuchukuliwa yote, bila kungoja aombe. Lakini kumpa mtoto uji, kuamua avae nguo gani, kuulizwa habari ya mbuzi, kuhukumu ugomvi wa watoto, hayo hayaukatishi moyo pumzi. Hayo ndiyo umama wenyewe. Ugonjwa haukuyanyang’anya, sisi ndio tuliyoyanyang’anya.

Mnajua habari ya Simoni wa Kirene. Askari walimlazimisha auchukue msalaba wa Bwana wetu, naye akauchukua. Hakuna mtu aliyesema siku ile kwamba Simoni ndiye Mkombozi. Aliuchukua mti, kisha njia na kazi zikabaki za Yezu mwenyewe.

Heshima hiyo ya mgonjwa si jambo dogo la adabu tu. Kile chombo anachotia mganga masikioni ili asikilize moyo kilianza mwaka 1816, mjini Paris. Mganga René Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Desturi ya siku zile ilikuwa kuweka sikio juu ya kifua cha mgonjwa, lakini Laennec aliona haifai kwa msichana. Akakunja karatasi kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni mwake. Akausikia moyo vizuri kuliko alivyopata kuusikia kabla. Aliyetafuta kumstahi mgonjwa alipata na kumtibu vema zaidi!

Tuje kwenye chungu. Mgeni mwema akija kumtazama mgonjwa huleta zawadi, na kwetu makayabo ni zawadi ya heshima. Lakini samaki yule amejaa chumvi, na chumvi hushika maji mwilini. Miguu itavimba, pumzi itapungua. Mapendo yasiyouliza huweza kuua. Basi nyumba nyingine humpikia mgonjwa chungu chake peke yake, pembeni, kisicho na chumvi. Afya ni njema, lakini ameketi peke yake kama mtu aliyetengwa. Nyumba yenye akili hupunguza chumvi katika chungu cha wote, na mwenye kutaka zaidi huongeza katika sahani yake. Sombe ya chumvi kidogo haijamwua mtu.

Na mume? Mume achotaye maji huchekwa njiani, nanyi wanaume mnalijua hilo kuliko mimi. Wanawake hucheka kwanza, na wazee hutikisa kichwa. Mimi namheshimu mtu yule na ndoo yake kuliko msemaji wa hotuba kumi juu ya ndoa. Tena asichote peke yake mpaka achoke na kukasirika. Simoni aliuchukua msalaba sehemu ya njia, si maisha yake yote. Msaada wa mwezi mmoja ni rahisi, lakini huu ni wa miaka. Ukoo na majirani washike zamu, huyu kuni, huyu maji, huyu kumsindikiza siku ya sindano.

Limebaki neno zito kuliko yote. Ukoo wa mume utasema: “Watoto wawili hawatoshi. Azae tena, ama arudi kwa baba yake, tutafute mwingine.” Mganga amekwisha kuwaonya mume na mke kwamba mimba nyingine yaweza kumwua. Ndugu, hakuna ukoo wenye haki ya kudai uhai wa mtu kama kwamba ni deni la mahari. Ninyi mnaojitayarisha kwa ndoa takatifu mtaahidi kupendana katika afya na ugonjwa; ahadi hiyo haikufanywa kwa ajili ya siku za afya, kwa maana siku hizo hazihitaji ahadi. Hao wawili wakae na mganga, wakae na padri, waamue wao. Na mama aambiwe kila kitu. Kumficha hatari yake kwa kumhurumia ni kumfanya mtoto, naye si mtoto, ana watoto.

Hivyo mama mkwe wa mfano wetu alikaa kimya siku nzima baada ya kusikia neno lile la kuzikwa. Jioni alileta chungu cha maharage, akakiweka chini mbele ya mkwe wake, akampa mwiko. Yule mama kijana aligawa akiwa ameketi, taratibu, wa kwanza mtoto mdogo, kisha mume, kisha mama mkwe. Na watu wakangoja mpaka alipomaliza.