MCHEZAJI SI NG'OMBE WA KUKOPESHWA

Kila mwaka, ligi ikwishapo na majuma ya usajili yafikapo, huingia katika nchi yetu homa isiyotibiwa na daktari. Watu husikiliza redio usiku kucha wapate kujua nani amehama na nani amebaki. Hapa Mlali, mbali na kila uwanja mkubwa, vijana waliotoka kuchunga huhesabu majina ya wachezaji kabla ya kuhesabu mbuzi. Hatusemi kuwa jambo hili ni baya. Mpira ni furaha ya halali, na mtu maskini hana furaha nyingi za kuchagua. Lakini homa hiyo ina upande wa pili, nao ndio tutakao kuuzungumza leo: matusi amwagiwayo mchezaji hodari siku anapovua jezi ya klabu moja na kuvaa ya nyingine. Anayehama ametenda kosa gani? Na kwa nini matusi hayo hayaishii kwenye mchezo wake, bali hupanda hata kufikia rangi yake, nchi yake, kabila lake na umaskini wa wazazi wake?

Tutwae mfano ambao nyumba nyingi zinaukumbuka. Feisal Salum, kijana wa Zanzibar, aliingia Yanga mwaka 2018, akapendwa mno. Mwezi wa Desemba 2022 alitangaza kwamba anaondoka, akaweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya klabu, akidai kuwa mkataba wake ulimruhusu kujikomboa kwa njia hiyo. Klabu ilikataa, fedha zikarudishwa, shauri likafika kwenye kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu. Nayo ikaamua kwamba angali mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita kijana hachezi. Mwezi wa Juni 2023, Yanga walipoalikwa Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba viongozi wao walimalize jambo hilo, na siku chache baadaye Feisal akaenda Azam.

Hayo ndiyo mambo ya sheria, nayo yalipata mwisho wake. Yasiyopata mwisho ni yale yaliyosemwa mitaani. Mama yake mzazi alipojitokeza kusema kwamba mwanawe alikuwa akila ugali na sukari, umati haukumwonea huruma. Maneno yake yakageuzwa kuwa kichekesho, yakasemwa sokoni na kwenye mabasi, yakawa wimbo wa kumzomea mwanawe. Ndugu wasomaji, tutulie kidogo hapa. Yawezekana mtu asikubali hesabu za mama yule. Lakini tangu lini sisi, watu wa nchi ambamo watoto wengi wamelala na uji mtupu, twaona chakula cha maskini kuwa tusi?

Si Feisal peke yake. Bernard Morrison, Mghana, alitoka Yanga akaenda Simba mwaka 2020, na mashtaka yake yakafika hata Mahakama ya Michezo ya Kimataifa huko Uswisi. Mwaka 2022 akarudi Yanga. Clatous Chama, Mzambia, aliyeitwa kwa heshima Mwamba wa Lusaka alipokuwa Simba, alivuka kwenda Yanga mwaka 2024. Wote wawili walikuwa ndugu zetu walipofunga mabao. Walipohama, ghafla tukakumbuka kwamba ni wageni, kwamba hawana uchungu na nchi, kwamba wamefuata fedha tu. Naye Morrison aliporudi, wale wale waliomlaani wakampigia makofi. Je, ni yeye aliyegeuka? Miguu yake ilikuwa ile ile, na ugeni wake ule ule. Kilichogeuka ni faida yetu.

Ili tusihukumu ovyo, yafaa tupambanue mambo matatu ambayo midomo ya watu huyachanganya: ahadi, shukrani na umiliki.

Kwanza, ahadi. Ahadi ni deni. Mchezaji aliyetia sahihi mkataba amejifunga, na asemaye kwamba kipaji chake kinampa ruhusa ya kuuchana mkataba apendapo anafundisha uongo. Klabu iliyoona imekosewa ina haki ya kwenda mbele ya kamati na mahakama, na hakuna ubaya katika kufanya hivyo. Lakini neno hilo lina ncha mbili. Mkataba una mwisho wake, na una masharti yake ya kuvunjwa; mtu aliyetimiza masharti hayo, au ambaye siku zake zimekwisha, hadaiwi tena. Na penye shaka, waamuzi wapo. Umati haukupewa kazi ya hakimu.

Pili, shukrani. Mashabiki husema, asante ya punda ni mateke: tulimwimbia, tukampa jina, naye ametugeuzia mgongo. Twakiri kwamba maumivu yao ni ya kweli. Mtu aliyeuza kuku wake wawili ili apate nauli ya kwenda Dodoma mjini kuitazama timu yake ametoa sadaka ya upendo, na upendo uliojeruhiwa haustahili kudharauliwa. Tena mchezaji mwenye adabu huaga vizuri, hasemi vibaya juu ya watu waliomlea. Hata hivyo shukrani ni zawadi ya moyo. Ikigeuzwa kuwa mnyororo huacha kuwa shukrani. Tena iangaliwe pande zote. Kila mwisho wa msimu klabu huwaacha wachezaji: huyu goti limeumia, yule umri umempita, wa tatu kocha hamtaki. Wakati mwingine husoma majina yao kwa mara ya mwisho kwenye tangazo, kama sisi wengine. Nani amewahi kuwaita viongozi wa klabu wasaliti kwa sababu hiyo? Nani amewazomea njiani? Ikiwa klabu yaweza kumwacha mchezaji kwa kutafuta faida yake, na mchezaji hawezi kuiacha klabu kwa kutafuta yake, basi tunalolitetea si uaminifu. Uaminifu huwafunga wawili. Kinachomfunga mmoja tu kina jina jingine.

Jina hilo ndilo jambo la tatu, umiliki. Wazee wa Ugogo wanalijua vizuri kwa mfano wa mifugo. Mtu mwenye ng'ombe wengi huwakopesha baadhi kwa rafiki zake, wakakaa huko miaka mingi. Rafiki hunywa maziwa, lakini mwenyewe ni yule yule, na ndama wazaliwao ni wake. Ng'ombe haulizwi anapenda kulala zizi gani. Desturi hiyo ni njema kwa ng'ombe, nayo imeokoa nyumba nyingi wakati wa njaa. Lakini tusikilize jinsi tunavyosema juu ya wachezaji: ameuzwa, amenunuliwa, amekopeshwa, ni mali ya klabu fulani. Twajua kwamba kinachouzwa kwa kweli ni haki ya mkataba, si mtu. Lakini ulimi hufundisha moyo, na moyo uliozoea kusikia kwamba mtu ni mali hushangaa na kukasirika siku mali hiyo inaposema, mimi naenda.

Katika nchi yetu ya kati maneno hayo hayasemwi juu ya udongo usio na kumbukumbu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kuikata Ugogo. Pembe za ndovu zilipita huku, na watu waliofungwa minyororo pia. Babu zetu waliona kwa macho yao maana halisi ya kumnunua mtu na kumuuza. Ndiyo maana sisi hasa tulipaswa kuwa waangalifu na maneno hayo.

Ng'ambo, jambo hili limesemwa waziwazi zaidi, kwa sababu huko tofauti ya rangi huonekana kwa macho. Mwaka 1969 klabu ya St. Louis ya mchezo wa besiboli Marekani ilimhamisha Curt Flood, mtu mweusi, kwenda Philadelphia bila kumwuliza, baada ya miaka 12 ya utumishi. Yeye akakataa, akamwandikia mkuu wa mchezo huo kwamba hajioni kuwa kitu cha kununuliwa na kuuzwa. Alipokumbushwa kwamba alilipwa fedha nyingi, alijibu kwamba hata mtumwa alipwaye vizuri ni mtumwa. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi ile ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3, na kazi yake ya uwanjani ikawa imekwisha. Matunda ya ujasiri wake wakayala wengine.

Miaka 38 baada ya kura ile, mwezi wa Julai 2010, LeBron James wa mpira wa kikapu alitangaza katika televisheni kwamba anatoka Cleveland kwenda Miami. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Hakuvunja ahadi yoyote. Hata hivyo jezi zake zilichomwa moto, na mwenye klabu akaandika barua kali ya kumwita msaliti, hata akatozwa faini na wakuu wa ligi. Mchungaji Jesse Jackson alisema kwamba mwenye klabu yule alinena kama bwana aliyetorokwa na mtumwa wake. Wengi walimpinga Jackson, wakisema amezidisha. Baadaye mwaka ule James mwenyewe, alipoulizwa kama rangi ilihusika, alikubali kwamba ilikuwa na sehemu yake.

Hapa msomaji mwenye akili atatupinga: mbona weupe nao huzomewa? Ni kweli. Luis Figo, Mreno, alipotoka Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, hasira ilikuwa kubwa hata miaka miwili baadaye kichwa cha nguruwe kikatupwa uwanjani karibu naye. Basi haifai kusema kwamba kila hasira ya shabiki ni ubaguzi wa rangi; asemaye hivyo hulichosha neno hilo, na siku litakapohitajika kweli halitasikilizwa. Lakini tutazame pia habari za Sol Campbell, Mwingereza mweusi, aliyetoka Tottenham kwenda Arsenal mwaka 2001 kwa mkataba uliokwisha. Mwaka 2008, miaka saba baadaye, alikuwa bado akiimbiwa nyimbo chafu hata baadhi ya waimbaji wakapelekwa mahakamani, na wengi waliozisikia walitambua ndani yake dharau ya rangi. Figo alichukiwa kwa kuhama. Campbell alichukiwa kwa kuhama, kisha akatafutwa mahali pengine pa kuchomwa mkuki.

Hilo ndilo twataka lishikwe. Hasira ya kuachwa ni ya wanadamu wote. Lakini hasira hutafuta silaha, na silaha iliyo karibu ni ile alama inayomtenga mtu na wengine. Penye weupe na weusi, alama hiyo ni rangi. Kwetu sisi, ambao wengi tu weusi sawa, alama ni ugeni, kabila, upande wa bahari mtu alikozaliwa, au ugali na sukari. Tusijisifu basi kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa Wazungu. Enzi ya ukoloni klabu za miji yetu zilikwenda kwa mafungu ya rangi, na jina lenyewe la Young Africans, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, lakumbusha zama zile. Mafungu yale tuliyakataa. Itakuwa aibu tukiyajenga upya kwa matofali mengine.

Wengine hutuletea methali: mkataa kwao mtumwa. Ni methali njema, lakini tuulize, kwao mchezaji ni wapi? Mbwana Samatta alipotoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akafika Aston Villa ya Uingereza, taifa zima lilifurahi. Hakuna aliyesema amekataa kwao. Basi kuvuka bahari ni sifa, na kuvuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ni usaliti? Tena yasimuliwa kwamba Simba yenyewe ilizaliwa mwaka 1936 na watu waliojitenga na Yanga. Kama kuhama ni dhambi isiyosameheka, nusu ya mashabiki wa nchi hii ni watoto wa dhambi hiyo. Twaona kwamba kwao mtu ni kule alikozaliwa na watu wanaomtegemea. Klabu ni mahali pake pa kazi. Papa Leo wa Kumi na Tatu, mwaka 1891, alipoandika juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mtu atiaye nguvu zake katika kazi huzitoa ili apate riziki, na kwamba ni aibu kumtumia mtu kama chombo cha kuchumia faida. Mguu wa mchezaji nao ni nguvu ya kazi, na hauishi miaka mingi. Akifika miaka thelathini na mitano, nani katika waliomzomea atamlisha wazazi wake?

Wazazi, neno la mwisho ni lenu. Mtoto hajifunzi matusi uwanjani. Hujifunza sebuleni, mbele ya redio na televisheni, akimsikiliza baba yake. Leo anamtukana Mzambia aliyehama. Kesho atamtukana mwalimu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, na kesho kutwa shemeji wa kabila jingine. Mruhusuni aipende timu yake, alie ikifungwa, ahuzunike mchezaji wake akiondoka. Hata amkosoe: kwamba alicheza vibaya, kwamba hakuaga, kwamba alivunja neno lake, ikiwa kweli alilivunja. Lakini siku atakapotaja nchi ya mtu yule, au rangi yake, au chakula cha mama yake, mnyamazisheni pale pale, na mwambieni sababu.