Mizani na Afya ya Mtenda Kazi

Katika kazi za mikono kuna vitu vingi vipimwavyo. Mahindi hupimwa, mbolea hupimwa, saa za kazi hupimwa, na ujira huhesabiwa mpaka senti ya mwisho. Kitu kimoja hakipimwi: mwili wa mtu atendaye kazi yenyewe. Insha hii yauliza swali moja. Mtu anunuaye nguvu za mwenzake ana deni gani kwa mwili uzitoao nguvu hizo?

Tuanze na mahali tupajuapo. Matisi iko kando ya mji wa Kitale, katika nchi ya Trans Nzoia, ambayo Wakenya huiita ghala la taifa kwa wingi wa mahindi yake. Wengi wa wakazi wa sehemu kama hiyo huishi kwa kibarua: hulima, hupalilia, huvuna, na hupakia mizigo katika malori. Upande wa Bungoma wako wenzao wakatao miwa. Mahindi hupandwa mwezi wa Machi na Aprili mvua zianzapo, na huvunwa kuanzia Oktoba. Kati ya nyakati hizo mbili palizi huwa nzito na akiba ya chakula huwa nyepesi. Hivyo yawezekana mtu kufanya kazi ndani ya ghala la taifa na chungu chake kikawa kitupu.

Sasa, msomaji, fikiri watu wawili wa mfano, kila mmoja ana urefu wa mita 1.70. Wa kwanza ana kilo 62. Wa pili ana kilo 52. Wataalamu huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu hii ilitokana na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa Ubelgiji wa karne ya 19. Ikiwa jibu ni kati ya 18.5 na 25, uzito huitwa wa kawaida. Likiwa chini ya 18.5, huitwa pungufu. Mtu wetu wa kwanza hupata 21.5, na wa pili 18. Wote wawili huinua gunia lile lile la kilo 90, na jioni hupokea ujira ule ule. Lakini gunia hilo lamzidi wa kwanza kwa kilo 28, na wa pili kwa kilo 38. Mtu mwembamba ametoa sehemu kubwa zaidi ya alichonacho.

Tena yule mwembamba huenda akashindwa kuwahi. Hupumzika mara nyingi, hukaa chini kila apatapo nafasi, na msimamizi humwita mvivu. Neno hili ni jepesi kutamkwa, wala si jipya: katika siku za ukoloni walowezi wengi walilitumia juu ya vibarua Waafrika. Je, ni neno la haki?

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachunguza vijana 36 waliojitolea. Walikuwa watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, wakachagua kuutumikia ulimwengu kwa miili yao, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu walioharibiwa na njaa ya vita. Kwa muda wa majuma 24 walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Uzito wao ulipungua kwa robo. Zaidi ya hayo, nguvu ambazo miili yao ilizitumia wakiwa wametulia tuli zilipungua kwa kiasi cha sehemu mbili katika tano. Mapigo ya moyo yalikuwa ya polepole, walisikia baridi hata katika siku za joto, na waliepuka kila mwendo usiokuwa wa lazima. Hawa hawakuwa wavivu. Walikuwa wateule waliochaguliwa kwa afya na moyo wao. Njaa ndiyo iliyowafundisha miili yao ubahili.

Mwili, basi, ni kama mama wa nyumba mwenye busara. Unga ukipungua, hupunguza kipimo ili siku zifike. Mwili uliokosa chakula hupunguza matumizi ya ndani, na kisha hupunguza mwendo wa nje. Kile msimamizi akionacho kama uvivu chaweza kuwa akiba ya mwisho ya mtu asiyetaka kuanguka. Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nchini Kenya jambo hili lilipata kuchunguzwa kwa vibarua wa kujenga barabara, na matokeo yakachapishwa mwaka 1982. Wengi wa watu hao walikuwa na uzito pungufu. Baadhi walipewa chakula cha nyongeza cha kilokalori 1000 kwa siku, na wengine 200 tu. Kazi ya wale waliopewa zaidi iliongezeka, lakini si kwa ajabu. Tusilifiche neno hili la mwisho, maana lina funzo. Ikiwa twamlisha mtenda kazi kwa sababu tu ya faida itakayopatikana, basi siku faida hiyo itakapoonekana ndogo tutaacha kumlisha. Haki isiyokuwa na msingi ila faida ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga.

Lakini tusimhukumu mwembamba kuwa mgonjwa, wala mwenye uzito wa kawaida kuwa mzima. Wako watu wembamba kwa maumbile ambao damu yao ni safi na moyo wao ni imara. Wako pia watu ambao mizani huwasifu, kumbe mafuta yamejificha tumboni karibu na ini, sukari imezidi katika damu, na shinikizo la damu limepanda pasipo maumivu yoyote. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Tena kuna maradhi yatakayomshangaza adhaniye kuwa kisukari ni ugonjwa wa matajiri wanene. Mwaka 1955 waganga walieleza, kule Jamaika, habari za kisukari kilichowapata watu wembamba. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua rasmi kisukari kitokanacho na utapiamlo, na kukiita aina ya 5. Kongosho la mtu aliyekosa chakula bora tangu utoto huweza kushindwa kutoa insulini ya kutosha. Njaa ya jana, basi, yaweza kuwa ugonjwa wa leo. Mizani huonyesha uzito wa mwili. Namna mwili unavyokigeuza chakula kuwa nguvu haionyeshi.

Hapa ndipo mwenye shamba aweza kusema: “Mimi nimelipa ujira tuliopatana. Aliyekubali hakushurutishwa. Deni langu limekwisha.” Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa mapatano ni jambo tukufu, na atimizaye ahadi ni mtu mwema. Tena sheria yaelekea kumuunga mkono. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humlazimu mwajiri kumlisha mfanyakazi vema pale tu chakula kilipokuwa sehemu ya mapatano.

Hata hivyo, hoja hiyo ina ufa. Mapatano hutaka watu wawili walio huru kukataa. Mwenye njaa ana uhuru gani wa kukataa? Akisema hapana, watoto wake hulala bila kula. Anenapo ndiyo, ni tumbo linenalo kwa kinywa chake. Tutazame pia wakulima walimao kwa ng'ombe. Aazimaye ng'ombe wa mwenzake huwapumzisha na kuwanywesha maji, ingawa ng'ombe hawakupatana naye neno lolote. Ikiwa mnyama asiyesema ana haki juu ya mtumiaji wa nguvu zake, itakuwaje mtu awe na haki iliyo ndogo kuliko hiyo? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Haki hiyo haikomi langoni mwa shamba.

Lakini maarifa yaweza kugeuzwa kuwa silaha ya dhuluma. Atatokea mtu atakayesema: “Kama wembamba ni hatari, niweke mizani langoni, niwafukuze wote walio pungufu.” Huyo atakuwa amemwadhibu mwenye njaa kwa kosa la kuwa na njaa, na kumnyima njia pekee ya kuipata shibe. Apunguze mzigo, aongeze mapumziko, alipe ujira uwezao kununua chakula bora, na amwezeshe mtenda kazi kupimwa damu, awe mwembamba au wa kadiri. Naye mtenda kazi ana wajibu wake: asiutupe ujira katika ulevi, wala asifiche maradhi kwa kuona aibu.

Enyi vijana msomao, baadhi yenu mtakuwa wasimamizi, waganga, wenye mashamba au watunga sheria. Mtapewa mamlaka ya kuwahesabu watu na kuwapangia kazi. Kumbukeni kuwa jicho huona umbo tu, na mizani hutaja uzito tu. Kabla ya kumwita mtu mvivu, ulizeni amekula nini. Kabla ya kumwita mtu mzima, ulizeni kama amepata kupimwa. Na kabla ya kusema kuwa mmemlipa, angalieni kama mlichompa chaweza kuzirudisha nguvu mlizozichukua. Kisipoweza, mngali na deni.