Je, Yafaa Taabu za Leo Kuingizwa Katika Picha za Bwana?

Liko swali ambalo walimu wa sharika huulizana, nalo halikosi kuleta maneno mengi. Ni hili: Mchoraji akitwaa habari za Bwana wetu jinsi zilivyochorwa makanisani tangu zamani, kuzaliwa kwake, ubatizo wake, karamu yake ya mwisho, msalaba wake, naye akazitumia kusemea vita na mateso ya siku zake mwenyewe, je, amefanya vema, au amekinajisi kitu kitakatifu?

Wako wasemao kwamba Yesu alizaliwa katika Uyahudi siku za Herode, na amchoraye katikati ya watu wa leo, katika nchi nyingine, asema uongo. Twawaheshimu wasemao hivyo, kwani waipenda kweli. Walakini wasisahau kwamba Wainjilisti wote wanne hawakuandika hata neno moja la umbo la uso wake. Zile picha zilizopigwa chapa Ulaya, ambazo Wakristo wengi wa Afrika wamezitundika ukutani tangu siku za wamisionari wa kwanza, hazikutoka Nazareti. Zilitoka kwa watu waliomwona Bwana kuwa karibu nao, wakamchora kama mwana wa kwao. Wala hatukuwadai ushahidi. Basi neno hili si gumu sana.

Gumu ni jingine. Mchoraji aingizapo ugomvi wa leo katika picha takatifu, huweza kumfanya Bwana kuwa askari wa upande mmoja. Hapo yatupasa sisi Walutheri tuanze na nyumba yetu wenyewe.

Mwaka 1521 Lucas Cranach wa Wittenberg, rafiki yake Martin Luther, alitoa kijitabu cha picha 26 zilizokatwa katika mbao na kupangwa mbili mbili. Upande mmoja Kristo avikwa taji ya miiba, upande wa pili Papa avikwa taji zake tatu. Hapa Kristo awaosha wanafunzi miguu, pale Papa anyosha mguu wake ubusiwe. Kazi ile ilikuwa na nguvu nyingi, maana hata asiyejua kusoma aliielewa mara moja. Hatusemi kwamba haikuwa na haki, kwani maovu yaliyoshutumiwa yalikuwako. Lakini angalieni jambo moja: atazamaye picha zile hutoka amemhukumu mtu mwingine. Yeye mwenyewe haguswi. Kristo amekuwa fimbo ya kumpigia jirani, hata kama jirani yule alistahili kupigwa.

Sasa mtu aende katika kanisa la mji ule ule wa Wittenberg, atazame madhabahu iliyowekwa 1547, kazi ya Cranach huyo huyo na karakana yake. Luther alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na katika 1547 hiyo hiyo Kaisari Karl wa Tano alimshinda Mteule wa Saksonia vitani huko Mühlberg, akauchukua mji. Mambo ya siku zile yamo katika picha, tena waziwazi. Melanchthon abatiza mtoto, na Bugenhagen, mchungaji wa mji, ashika funguo za maungamo. Luther mwenyewe ameketi pamoja na mitume mezani pa Bwana, mwenye ndevu zile alizofuga alipokuwa amefichwa Wartburg. Mtu mkali aweza kusema kwamba hapo upo ujeuri kidogo. Lakini chini ya hizo iko picha ndefu: Luther yu mimbarani, mkono mmoja juu ya Maandiko, mkono wa pili waonyesha, na upande wa pili washarika wamekusanyika, wanawake na watoto na wazee. Katikati yao yupo Kristo msalabani, peke yake. Hakuna adui katika picha ile. Picha nzima yaelekea mahali pamoja. Mji ulioshindwa mwaka ule uliwekewa mbele ya macho picha ya namna hiyo, nasi twaona kwamba huyu Cranach mzee amekwenda mbali zaidi kuliko yule wa 1521.

Tuje kwetu. Katika mji wa Murang'a, ambao Waingereza waliuita Fort Hall, liko kanisa la Anglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau katika ile hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wengine wao walisema kwamba aliyekwisha kuinywa damu ya Kristo hawezi kunywa damu nyingine ya kiapo. Wakafa kwa neno hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kuta za kanisa hilo zilichorwa na Elimo Njau, kijana aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, katika nchi ya Wachagga, aliyejifunza uchoraji Makerere. Alichora habari tano: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo, karamu, Gethsemane, na kusulibiwa. Kristo wake ni Mwafrika, na nchi anayoikanyaga ni nchi ya Wakikuyu.

Hapa swali letu lina uzito kuliko huko Saksonia, kwa maana damu hii si ya zamani sana. Waafrika raia waliouawa na Mau Mau walikuwa zaidi ya 1,800. Lakini serikali ya Waingereza nayo iliwanyonga watu 1,090 katika vita ile, na maelfu kwa maelfu walifungwa kambini, na wengi waliteswa humo. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza masikitiko yake na kukubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa. Basi mjane wa yule aliyekataa kiapo ana haki ya kumwona mumewe katika Kristo wa Murang'a. Je, mjane wa yule aliyenyongwa naye akiingia kanisani humo, amwone nani?

Kama mchoraji angalichora mapanga, na msitu, na nyuso za wauaji, mjane huyu wa pili angaligeuka mlangoni. Tena hakuna awezaye kumlaumu mchoraji kama angalichora hivyo, kwani ukumbusho uliombwa kwa ajili ya wafu wa upande mmoja. Yeye akatoa Injili. Ngozi ya Kristo wake ndiyo ngozi ya aliyekataa kiapo, na ya aliyekula kiapo, na ya askari wa ulinzi aliyelala na bunduki yake kijijini. Hakuna kati yao awezaye kusema, Huyu ni wangu, si wako. Twafikiri kwamba hapo ndipo ilipo tofauti kati ya picha inayotumia jina la Bwana kwa ugomvi, na picha inayouleta ugomvi mbele za Bwana. Nayo si tofauti ya uhodari wa mkono, kwani kile kijitabu cha 1521 ni cha hodari sana.

Luther, aliporudi Wittenberg Machi 1522 kuwatuliza waliotaka kuvunja sanamu kwa nguvu, aliwafundisha kwamba shauri la sanamu liko katika moyo wa azitumiaye. Twakubali, ila twaongeza kwamba mchoraji naye huusaidia moyo huo upande huu au upande ule.

Habari zile tano za Murang'a zaishia msalabani. Yuko atakayeuliza mbona ufufuo haumo; labda ukuta ulikwisha tu. Sisi hatuoni vibaya kwamba zaishia hapo. Siku zile zilipochorwa, wengine walikuwa bado kambini, na waliozika ndugu zao walikuwa wakikutana sokoni na watu waliowaua.