Na Mfichua Maradhi Je?

Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, mwenzangu wa chumba aliandika barua ya kuomba kuahirisha mitihani. Hakuwa na homa wala hakuwa amevunjika mguu. Aliandika kwamba kwa miezi miwili usiku ulikuwa unapita bila usingizi, na kwamba akifungua daftari moyo huanza kwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa. Aliniomba niisome barua kabla hajaipeleka. Nikamrekebishia sentensi mbili, nikamwambia, "Pole sana kaka, Mungu atasaidia." Ruhusa ikatoka.

Siku ya nne nilimkuta kwenye banda la chipsi nje ya geti, amezungukwa na watu, anacheka mpaka anashika mbavu. Usiku ule niliwaambia wenzetu wawili maneno ambayo bado yananirudia: "Jamaa katupiga changa la macho." Hakuna aliyebisha. Mmoja akasema hata yeye angeahirisha mtihani wa mantiki, tatizo lake ni kwamba hajui kuigiza. Tukacheka. Kesho yake maneno yakamfikia mwenyewe.

Kilichonifanya nijione nilivyokuwa usiku ule ni mchezo wa kriketi, mchezo ambao wengi wenu hamuufuatilii. Mimi nimekulia Upanga, na mzee wa Kihindi mwenye duka chini ya ghorofa letu alikuwa na televisheni ndogo juu ya friji ya soda. Nikitumwa mkate nilichelewa kurudi. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama, na jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba mpigaji hana nafasi ya pili. Mshambuliaji wa mpira wa miguu akikosa bao, dakika tano baadaye anaweza kufunga. Mpigaji wa kriketi mpira wake ukidakwa hewani, au ukigonga vijiti vilivyo nyuma yake, ametoka. Mechi kubwa za kimataifa huchukua siku tano, kwa hiyo anaweza kukaa saa nyingi akiwatazama wenzake na kulitafuna kosa lake. Ziara za ugenini nazo ni za wiki nyingi, hoteli baada ya hoteli, mbali na mke na watoto. Ukitaka kubuni kazi ya kumtesa mtu mwenye wasiwasi, hutahangaika sana. Iko tayari.

Mwaka 2006 Marcus Trescothick alikuwa mpigaji wa kutegemewa wa Uingereza, mmoja wa walioifunga Australia mwaka uliotangulia katika Ashes, mfululizo mkongwe wa mechi baina ya nchi hizo mbili. Februari, akiwa ziarani India, aliondoka ghafla akarudi nyumbani. Umma ukaambiwa ni mambo ya familia. Baadaye alikaa mbele ya kamera za televisheni akasema alikuwa amepata virusi. Ukweli ni kwamba alikuwa na sonona na wasiwasi uliomzidi nguvu. Novemba mwaka huohuo alirudi tena nyumbani, safari hii kutoka Australia, kabla Ashes haijaanza. Machi 2008 alishindwa kupanda ndege pale Heathrow, na mwezi huohuo akastaafu timu ya taifa akiwa na miaka 32. Ndipo akasema yote, katika kitabu alichokiita Coming Back to Me.

Sisi tunayo methali kwa mtu wa namna hii: mficha maradhi, kifo humwumbua. Nimeisikia tangu utotoni, na siku zote niliielewa kama onyo kwa mgonjwa. Sema. Usifiche. Lakini nilipoifikiria habari ya Trescothick nilijiuliza kwa nini mtu mzima, mashuhuri, aone ni rahisi kutaja virusi kuliko kutaja huzuni. Jibu nadhani ni kwamba virusi haviulizwi maswali. Ukisema una malaria, watu watakuuliza umemeza dawa gani. Ukisema huwezi kulala kwa hofu, watakuuliza hofu ya nini, kwani wewe una shida gani, mbona jana ulikuwa mzima? Methali yetu imemwagiza mgonjwa afichue. Haikusema lolote kuhusu sisi tunaofichuliwa.

Jonathan Trott alifichua. Novemba 2013, katika mechi ya kwanza ya Ashes mjini Brisbane, alipata mikimbio 10 na kisha 9, akitolewa kwa namna ambayo haikufanana naye. Mechi ikiwa bado haijaisha, David Warner wa Australia aliwaambia waandishi wa habari kwamba Trott alikuwa ametoka kinyonge na kwamba hofu ilionekana machoni mwake. Baada ya mechi Trott alipanda ndege kurudi nyumbani, na uongozi wa timu ukaeleza kuwa ana maradhi yatokanayo na msongo wa mawazo. Pole zikamiminika. Warner mwenyewe alikiri kwamba alivuka mpaka.

Ikafika Machi 2014. Trott akahojiwa, akaeleza kwamba kwa maoni yake haikuwa sonona. Alikuwa amechoka kupita kiasi, mwili na akili. Michael Vaughan akaandika gazetini kwamba alijihisi kama ametapeliwa kidogo. Vaughan hakuwa mgeni wa mambo haya: yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa ile timu ya mwaka 2005 ambayo Trescothick alikuwemo. Na mwezi uliofuata, Trott alijaribu kurudi uwanjani na klabu yake ya Warwickshire, wasiwasi ukamrudia, ikabidi apumzike tena.

Nimeitafakari sana hiyo hisia ya kutapeliwa, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo pale kwenye banda la chipsi. Ametapeliwa nini hasa? Trott hakuwa amemwambia mtu kwamba ana sonona. Umma ndio uliochagua jina la ugonjwa, ukalipa jina hilo huruma, na mwenyewe alipokuja na jina jingine ukataka huruma yake irudishwe. Ni kama mtu aliyechangia msiba, akasikia baadaye kuwa aliyefariki hakuwa baba mzazi wa mfiwa bali baba mdogo, akaenda kudai hela yake.

Mimi nami nilikuwa nimemchagulia mwenzangu sura ya ugonjwa. Kichwani mwangu, mtu asiyelala kwa hofu hukaa chumbani pazia likiwa limefungwa, hali, hacheki. Alipotoka nje ya picha hiyo nilimwona mwongo. Halikunijia wazo kwamba picha yenyewe ndiyo ya uongo.

Simulizi inayonieleza vizuri zaidi adha hii ni ya Glenn Maxwell wa Australia. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2019 kule Uingereza, yeye na Shaun Marsh waligongwa na mpira mkononi siku moja mazoezini. Wote wawili wakapelekwa kupigwa picha. Mkono wa Marsh ulikuwa umevunjika, wa Maxwell ulikuwa mzima. Baadaye Maxwell alieleza kwamba alikuwa anatamani mkono wake uwe ndio umevunjika, ili apate kupumzika. Hebu fikiria mtu anayelipwa kwa mikono yake, akiomba picha ionyeshe ufa. Mfupa uliovunjika ni cheti. Alichokuwa nacho yeye hakikuwa na cheti, na alijua.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kudharau. Wapo wanaodanganya. Mimi mwenyewe nimeshuhudia barua za kikohozi kisichokuwepo, na mwanafunzi anayedanganya anamwibia yule aliyekesha. Katika timu, anayeondoka anawaachia wenzake mzigo. Shabiki aliyelipa tiketi ana haki ya kuuliza. Na huruma isiyouliza chochote inaweza kugeuka mlango wa kila mvivu. Tukisema kila neno liaminiwe, si tutakuwa tumelifanya neno lenyewe lisiwe na thamani?

Nimejibishana na hoja hiyo kwa muda mrefu, na nimefika hapa. Kuna watu ambao ni kazi yao kuuliza: daktari wa timu, mkuu wa idara, mshauri wa wanafunzi. Hao wana maswali, wana muda, na wana wajibu wa kutunza siri. Mimi kwenye banda la chipsi sikuwa yeyote kati ya hao. Mtihani haukuwa wangu, ruhusa sikuitoa mimi. Nilichoombwa kilikuwa kidogo sana, yaani nisimhukumu mtu kwa ushahidi wa kicheko. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu dhuluma katika mambo ya ujuzi, anaeleza kwamba mtu anaweza kudhulumiwa pale neno lake linapopunguzwa uzito kwa sababu ya dhana potofu aliyonayo msikilizaji. Tulikisoma darasani, mimi na mwenzangu, tukiwa tumekaa dawati moja. Nilipata alama nzuri katika insha yake.

Hesabu ya madhara nayo haiko sawa pande mbili. Nikimwamini mwongo, nimepoteza pole moja. Nikimkana mkweli, nimemfundisha yeye, na kila aliyenisikia, kwamba mara nyingine waseme ni virusi.

Utasema mambo yamebadilika, na ni kweli. Mwishoni mwa Oktoba 2019 Maxwell alipotangaza kupumzika kwa ajili ya afya ya akili, siku chache baada ya kupiga mikimbio 62 kwa mipira 28 pale Adelaide, hakuna aliyesema amekimbia kwa kushindwa. Virat Kohli, nahodha wa India, alimsifu hadharani, akakumbuka jinsi yeye alivyojiona mwisho wa dunia umefika katika ziara ya Uingereza ya mwaka 2014 na asijue amwambie nani. Julai 2021 Ben Stokes akapumzika, wengi wakamuunga mkono. Mwaka uliofuata akawa nahodha wa Uingereza.

Lakini tazama ni hadithi zipi tunazopenda kusimulia. Stokes alirudi akawa nahodha. Trescothick aliichezea Somerset mpaka 2019, kisha akawa kocha. Tunawapenda waliorudi. Sarah Taylor, mlinda wiketi wa Uingereza, alipumzika mwaka 2016 kwa sababu ya wasiwasi, akarudi akatwaa Kombe la Dunia mwaka 2017, na kipande hicho husimuliwa kwa furaha. Kwamba Septemba 2019 alistaafu timu ya taifa akiwa na miaka 30 kwa sababu ya wasiwasi uleule, hicho husimuliwa haraka haraka. Naogopa kwamba tumehama kutoka kutokuamini kabisa hadi kuamini kwa mkopo: tutakupa huruma sasa, utaturudishia kwa mikimbio. Je, asiyerudi?

Graham Thorpe aliichezea Uingereza mechi 100 za siku tano. Agosti 2024, akiwa na miaka 55, alifariki, na familia yake ikaeleza wazi kwamba alijitoa uhai baada ya miaka ya kupambana na sonona na wasiwasi. Mke na mabinti zake walichagua kusema ili wengine wasione haya kutafuta msaada. Kila mtu aliwaamini. Sijaona hata mmoja aliyeuliza kama kweli alikuwa anaumwa. Hapo ndipo methali yetu iliponitisha kwa mara ya kwanza, kwa sababu niliona kuwa kifo huwaumbua na wasikilizaji pia. Sitaki mtu yeyote asubiriwe mpaka huko ndipo neno lake lionekane lina uzito.

Mwenzangu hakurudi chuoni. Mwaka wake wa kuahirisha ulipokwisha hakuonekana, kitanda chake akapewa mwingine. Nikasikia yuko Morogoro, anamsaidia dada yake kwenye duka la vifaa vya ofisi. Ilinichukua miezi mingine mitano kupiga simu. Nilikuwa nimejiandalia maneno, mengine ya kitabuni, yote yakapotea. Nikasema tu, "Kaka, yale maneno niliyasema mimi. Nisamehe."

Alikaa kimya kiasi nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniambia kuhusu siku ile. Barua ilipokubaliwa, usiku wa tatu alilala, saa saba mfululizo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Aliamka ana njaa. Akaenda kutafuta chipsi, akakutana na watu, mtu akasema jambo la kipuuzi na yeye akacheka. "Ndiyo ilikuwa siku yangu nzuri," alisema. "Ile moja."

Hakusema amenisamehe, nami sikurudia kuomba. Aliniuliza kama mtihani wa mantiki ulikuwa mgumu. Nikamwambia ulikuwa mgumu. Nikamuuliza siku hizi analala. Akasema, "Siku nyingine nalala, siku nyingine silali." Nilitaka kuuliza kwa nini, kwani kuna nini tena huko. Nikajizuia, nikamsikiliza.