Matanuri Mawili ya Elimu

Katika nyanda za juu za Ufipa, ambako baridi ya Juni huwavalisha watu wa Sumbawanga makoti mchana kweupe, mzazi ambaye mwanawe amemaliza kidato cha nne, kisha akachagua chuo cha kati ili asome sayansi ya kompyuta, huulizwa na jirani, naye hujiuliza usiku, iwapo mtoto ameteremshwa daraja. Kwa maana stashahada humchukua miaka 3, ilhali kidato cha tano na sita ni miaka 2 tu, na chuo kikuu bado kipo mbele vilevile. Swali hilo hudhaniwa kuwa la hesabu ya miaka, lakini ndani yake limo swali la dini na hekima: je, elimu ni cheo ambacho mtu hukipata kwa kuwahi, au ni amana isiyomkaa mtu mpaka mikono yake iizoee?

Wahenga wa nchi hii walikuwa mafundi wa chuma. Waliyeyusha mawe katika malungu, matanuri ya udongo yapatayo mita 3 kwenda juu, ambayo mabaki yake yangali yakionekana vichakani. Ilungu lilijivutia upepo lenyewe kwa matundu ya chini, bila mvukuto, na jiwe likatoka humo likiwa chuma. Lakini chuma hicho, kikiwa bado kimeshikana na mavi yake, hakikufaa jembe wala shoka mpaka kilipotiwa katika kintengwe, tanuri dogo lenye kuvukutiwa, kikatakasika. Pasipo ilungu, kintengwe kingekosa cha kutakasa.

Chuo cha kati ndicho ilungu la elimu hii. Nimemwona binti mmoja, katika chuo kimojawapo cha namna hiyo mjini humu, akiandika programu ya kuhesabia magunia ya mahindi. Aliiamuru mashine ihesabu tangu 0 hadi 10, naye moyoni alikusudia magunia 10. Kioo kikamwonyesha 11. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikimchezacheza kama asomaye dua, hata akatambua kwamba sifuri nayo ilikwisha kuhesabiwa kuwa gunia. Dini zetu hutufundisha kwamba Mwenyezi Mungu huitazama nia ya mja. Mashine haina nia wala haiijui ya anayeitumikisha, bali hushika tamko lake tu. Na lau programu ile ingepelekwa ghalani kabla ya kusahihishwa, mkulima wa Laela au wa Matai angeandikiwa deni la gunia asilolikopa, na dhuluma ikatendeka pasipo dhalimu. Kuuona umbali huo uliopo baina ya nia na tamko, na kuuogopa, ndiyo adabu ya kwanza ya elimu hii, nayo hupatikana kwa kukosea mara nyingi mbele ya mwalimu mwenye subira.

Wenyeji husimulia kwamba maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi". Kwa aishikaye kompyuta asijue hufanyaje kazi, chombo hicho ni uchawi mtupu. Aliyekifungua na kukiamuru amekwisha kuutupa.

Chuo kikuu, kama kintengwe, huja baadaye kutakasa. Hapo mwanafunzi husoma habari za al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu. Tena husoma kwamba mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kuwa haiwezekani kuwepo kanuni moja ya kupambanua, kwa kila programu, kama itafika tamati au itazunguka milele. Hoja hiyo huvunja takaburi ya akili, na humwingia zaidi yule ambaye programu yake mwenyewe ilipata kuzunguka bila kikomo usiku kucha.

Hata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichopo Mbeya, jirani zetu, kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, kisha kikawa chuo kikuu mwaka 2012, wala hakikuionea haya njia yake.

Basi mzazi wa Ufipa asimhesabie mwanawe miaka. Na amwulize jioni, "Mwanangu, magunia yametimia?" Akijibiwa kwamba yametimia, ajue ilungu linawaka, na siku mtoto atakapoweza kumweleza kwa nini yametimia, ajue chuma kimekwisha kupita katika kintengwe.