Unataka Kuwa Mzima?

Soma Yohana 5:1–9. Yesu alimkuta mtu aliyeugua miaka 38, akamwuliza kwanza kama anataka kupona. Je, mwenye ugonjwa wa baipola akijibu kwamba haumwi, ampendaye afanye nini?

Mke anayeona mumewe halali usiku wa tatu sasa, anagawa akiba ya ada za watoto na kusema hajawahi kuwa mzima hivi, hushawishika kusaga vidonge na kuvitia kwenye uji. Nia ni njema. Lakini mume akigundua, hatakula tena chakula cha mkono wake. (Tena lithiamu, inayojulikana kutuliza ugonjwa huu tangu 1949, huhitaji vipimo vya damu.) Mara nyingi kukataa dawa si ukaidi, ni ugonjwa wenyewe unaomficha mgonjwa hali yake. Kubishana naye wakati huo ni kazi bure. Akitulia, ndipo waandike pamoja: dalili zipi ziangaliwe, nani ashike fedha, daktari yupi aitwe. Uhai ukiwa hatarini, wake au wa mwingine, apelekwe hospitali hata akikataa.

Mbali na kumwombea, darasa lenu lingemsaidiaje mke huyu?