Upepo wa Mbele



Mchana, jua likishachoma nchi kavu, upepo wa Ziwa Victoria huvuma kutoka majini kuja ufukweni. Mtu anayejifunza kuendesha mashua ya tanga hapo ndipo hupata somo lake. Mashua ni ndogo, kuukuu, tanga lina viraka. Anataka kutoka, na upepo unamjia usoni.

Akielekeza omo moja kwa moja kwenye upepo, tanga linapwaya, linapigapiga, mashua inasimama. Akilazimisha, inarudi nyuma.

Mwalimu humwambia: bisha. Peleka omo upande kidogo, vuta kamba, tanga lijae. Nenda kulia. Geuza, nenda kushoto. Kulia tena, kushoto tena. Aliye ufukweni huona mashua inatangatanga. Aliye kwenye usukani anajua inasogea.

Msikilizaji, leo kazini huenda upepo ukawa wa mbele. Mkubwa hajakubali. Mteja anasitasita. Malipo hayajatoka. Usigombane na upepo, wala usikunje tanga. Badili upande, usibadili uendako.

Kazi njema.